Nguvu ya mawimbi ipo juu, ubora sifuri: kumsaka mchawi kati ya dishi, kebo na mnara wa 5G

Kama una dishi la bandi C, yale madishi makubwa ya futi sita, nane na kuendelea, na zamani lilikuwa linadaka kila kitu ila siku hizi chaneli zinagandaganda au zimekufa kabisa, naomba sana usiliguse kwanza. Watu wengi wanapanda juu, wanalegeza nati, wanalizungusha dishi mchana kutwa, jioni wanashuka wakiwa wamepoteza hata zile chaneli zilizokuwa zimebaki. Siku hizi tatizo mara nyingi haliko kwenye mwelekeo wa dishi, liko kwenye masafa, kuna mtu mwingine anayatumia hayohayo au yaliyo jirani, na swali la kujiuliza ni moja tu: huo uchafu unaingilia wapi? Mdomoni kwa LNB (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachodaka na kukuza mawimbi), kwenye kebo, au umekaa ndani ya masafa ya chaneli yako yenyewe. Ukishajua mlango dawa inajulikana, usipojua utanunua filta ya bure.

Wanagombania nini hasa

Setilaiti za bandi C zinashusha mawimbi kati ya MHz 3400 na 4200. Miaka mingi huko kulikuwa kumetulia, ni setilaiti na zile linki za maikrowevu za ardhini basi. Halafu intaneti isiyo na waya ikaanza kuhitaji nafasi, mkutano wa dunia wa masafa wa mwaka 2007 ukafungua 3400 hadi 3600 kwa nchi kadhaa, ule wa 2015 ukapanua zaidi, na sasa bandi maarufu ya 5G inayoitwa n78 inaanzia 3300 hadi 3800, na kaka yake n77 anafika mpaka 4200, yaani amelifunika shamba lote la dishi lako.

Sasa piga hesabu kidogo, maana bila hii huwezi kuelewa kwa nini mnara ulio kilomita nzima unaweza kukuua. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, mawimbi ya 4 GHz yakisafiri umbali huo yanapoteza karibu desibeli 196 (kila desibeli 10 ni mara kumi), kwa hiyo hata ukiwa na dishi la mita 2.4 linalokuongezea kama desibeli 38, kinachofika mdomoni kwa LNB kutoka transponda moja ya kawaida (mtambo mmoja wa setilaiti unaorusha chaneli) ni kama dBm −88 (dBm ni nguvu ukilinganisha na miliwati moja, hasi ikizidi ndo udhaifu unazidi). Mnara wa 5G wenye antena zile za kisasa unaweza kurusha dBm 75 kuelekea upande wako, kwa kilomita moja unapoteza desibeli 103 tu, kwa hiyo hata dishi lisipouongezea chochote unafika ukiwa na dBm −28. Tofauti ni desibeli 60, manake mara milioni moja. Na LNB ya kawaida inakuza karibu desibeli 60 hadi 65, inaanza kuzidiwa ikipewa kama dBm −55 hivi. Hizo namba zikae kichwani, tutazirudia.

Soma namba mbili kwanza

Risiva yako inaonyesha nguvu na ubora. Nguvu ni jumla ya kila kitu kilichoingia, cha setilaiti, cha mnara, makelele, vyote. Ubora ndo unasema hayo mawimbi yanasomeka au la. Dishi likihama mwelekeo kwa kawaida vyote viwili vinashuka pamoja. Kebo ikioza vyote vinashuka. Lakini ukiona nguvu iko palepale, au imepanda kuliko ilivyokuwa zamani, afu ubora umeanguka, hapo usiende kwenye nati za dishi, kuna mgeni ndani.

Ukiwa na mita ya setilaiti inayoonyesha picha ya masafa, au analaiza kamili, utafurahi zaidi. Ila kabla hujachomeka analaiza kumbuka kebo ya LNB inabeba volti 13 au 18 kutoka kwa risiva, weka kizuia umeme wa DC hapo katikati la sivyo utaunguza mlango wa kifaa cha bei mbaya. Na kingine kinachowachanganya wengi: LNB ya bandi C inageuza masafa kichwa chini. Osileta yake ya ndani (chombo cha kugeuzia masafa) ni 5150, kwa hiyo unachukua 5150 unatoa masafa ya angani. 4200 inakuwa 950, 3700 inakuwa 1450, 3400 inakuwa 1750. Mnara unaotumia 3500 hadi 3600 utauona kama kilima kipana cha MHz 100 kati ya 1550 na 1650, tambarare juu, kingo zimesimama wima, hakifanani kabisa na vilima vya transponda ambavyo mara nyingi vina upana wa MHz 36 au chini ya hapo. Na kinapumua. 5G ya bandi hii inarusha na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale, kwa hiyo ukitazama kwa haraka kinawaka na kuzimika kila milisekunde chache, ukiweka ile hali ya kushikilia kilele kinajaa chote. Setilaiti hazifanyi hivyo, zinarusha muda wote bila kupumzika.

Chaneli zote zimekufa kwa mpigo, hata zile za juu kabisa

Hii ndo dalili ya LNB kuzidiwa. Mnara unaweza kuwa uko 3500 na wewe chaneli yako iko 4150, hamgusani hata kidogo, lakini LNB inafungua mdomo kwa kila kitu kati ya 3400 na 4200, imelishwa −28 wakati uwezo wake ni −55, inakwama, inashindwa kukuza yale mawimbi madogo ya setilaiti, na inaanza kuzaa makelele yake yenyewe kila mahali. Risiva inakwambia nguvu ya kutosha, ubora sifuri kwa kila transponda.

Kuthibitisha: chukua karatasi ya aluminiamu, ikunje mara kadhaa, funika mdomo wa fidhoni (lile bomba linalopeleka mawimbi kwenye LNB) vizuri pembeni pasibaki upenyo. Kile kilima kikipotea kwenye mita, basi kilikuwa kinaingilia mdomoni. Afu kama una LNB na fidhoni ya akiba ishike mkononi bila dishi, iweke usawa wa upeo wa macho, zunguka nayo taratibu. Bila dishi setilaiti hazionekani, ziko dhaifu mno, kwa hiyo chochote kitakachopanda ni cha ardhini na pale kinapopanda zaidi ndo upande wa mnara. Ni njia ya kizamani lakini inakupa mwelekeo bila kifaa cha gharama.

Dawa ni filta ya bandi, ile ya chuma, inayofungwa kwa flanji KATI ya fidhoni na LNB. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuna filta ndogo zinazouzwa za kuchomeka kwenye kebo baada ya LNB, watu wanazinunua kwa sababu ni rahisi, na kwa tatizo hili hazisaidii kitu, LNB imeshazidiwa kabla mawimbi hayajafika huko. Filta nzuri inakata desibeli 50 na zaidi nje ya bandi yake. Rudi kwenye hesabu: −28 ukitoa 50 unapata −78, LNB inapumua. Gharama yake ni kwamba nayo inakula kama nusu desibeli ya mawimbi unayoyataka, na hiyo nusu inaongeza karibu kelvini 35 za makelele (ndicho kipimo chake, kidogo ndo bora) kwenye mfumo ambao LNB yake yenyewe inasifiwa kwa kelvini 15 au 20. Kwa dishi kubwa huisikii, kwa dishi dogo lililokuwa linashika kwa tabu zile chaneli dhaifu zinaweza kuanguka. Njia nyingine ni LNB zilizojengewa filta ndani, zinauzwa kama LNB za kuzuia 5G, zipo za 3700 hadi 4200, za 3800, hata za 4000. Hapa chagua kwa akili. Andika kwanza masafa ya chaneli unazozitaka, ulizia mnara wako unatumia masafa gani, afu ndo ununue. Ukiweka LNB ya 4000 hadi 4200 na kipindi chako kiko 3760, umejifungia mlango mwenyewe.

Na filta haiwezi kukata wima kama kisu, inahitaji nafasi ya kushukia. Ndo maana Marekani walipoichukua 3700 hadi 3980 wakaipa 5G, waliacha pengo la MHz 20 kabla ya setilaiti kuanza kwenye 4000. Kama kwenu mnara umeishia 3800 na chaneli yako inaanzia 3803, hakuna filta ya kuwatenganisha bila kuikata na yako.

Chaneli za masafa ya chini tu ndo zinakufa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu sababu ni tatu na zinafanana sana.

Ya kwanza, maji kwenye kebo. Wengi hawaitarajii hii. Kebo iliyoingia maji au konekta iliyooza inakula zaidi masafa ya juu ya kebo, na si tulisema bandi C inageuzwa kichwa chini? Masafa ya juu ya kebo, 1450, 1600, 1750, ni yale ya chini ya angani, 3700, 3550, 3400. Kwa hiyo kebo mbovu inaua chaneli za chini kwanza, sawasawa na 5G inayopanda kutoka chini, na mtu anaenda kulaumu mnara wakati konekta yake imejaa kutu. Utajuaje? Angalia nguvu. Maji yanashusha nguvu na ubora pamoja, na hakuna kilima kipana kwenye mita, ni mteremko tu. Weka kebo fupi mpya moja kwa moja kutoka LNB mpaka kwenye mita hapohapo kwenye dishi, chaneli zikirudi umemaliza kazi, badilisha kebo.

Ya pili, mnara umekaa ndani ya masafa ya chaneli yako kabisa. Chaneli iko 3560, mnara uko 3500 hadi 3600. Hapa filta haikusaidii, nasema tena haikusaidii, kwa sababu filta haijui kutofautisha wimbi la setilaiti na la mnara kama yote yako 3560. Kilichobaki ni kumfanya mnara asikuone: shusha dishi kutoka paani uliweke chini, nyuma ya jengo, ukuta ukae kati yake na mnara huku mbele upande wa setilaiti pakiwa wazi. Wavu wa chuma nao unasaidia, urefu wa wimbi hapo ni kama sentimita 8.6 kwa hiyo matundu ya chini ya sentimita moja yanatosha, na wavu uunganishwe vizuri usiwe vipande vimening'inia. Kinga ya namna hii inaweza kukupa desibeli 10 hadi 20, wakati mwingine inatosha na wakati mwingine haitoshi, inategemea mnara uko karibu kiasi gani na dishi limelala kiasi gani. Dishi linaloangalia juu sana lina bahati, likiwa limeelekea karibu na upeo wa macho mdomo wake unakuwa karibu na usawa wa minara na linaumia zaidi. Mara nyingi suluhisho la kweli ni mrushaji kuhamisha kipindi kwenda transponda ya juu, na wengi wameshafanya hivyo, kwa hiyo kabla hujabeba matofali angalia kama chaneli yako haijahamia sehemu nyingine ukaendelea kuitafuta kwenye masafa ya zamani.

Ya tatu ni ya ujanja zaidi. Mnara uko nje ya chaneli yako, umeshaweka filta nzuri, LNB haizidiwi tena, chaneli za juu zimerudi safi, lakini zile za jirani na mnara bado ubora wake mdogo na ukitazama sakafu ya makelele (yale ya chini yaliyopo muda wote) imenyanyuka pale pembeni. Huo ni uchafu unaomwagika kutoka kwenye mtambo wa mnara wenyewe, umeshaangukia ndani ya masafa yako, na hakuna kifaa cha kuuondoa upande wako. Lazima ukatwe kulekule unakotoka, kwa filta kwenye mtambo, kupunguza nguvu, au kuinamisha antena. Ukifika hapa kazi ya fundi wa dishi imeisha, inabaki ya kuripoti.

Inakufa jioni, usiku wa manane inarudi

5G inarusha zaidi watu wakitumia zaidi. Mnara ukiwa hauna watumiaji unabaki unatuma vile vipande vifupi vya kujitambulisha, kwa kawaida kila milisekunde 20, na kimya katikati. Jioni watu wakiwa wanatazama video muda wote umejaa. Na antena za kisasa zinaelekeza mionzi kumfuata mtumiaji, kwa hiyo mtu akikaa na modemu ya 5G nyumba ya nyuma yako, kwenye mstari mmoja na dishi lako na mnara, unapigwa wewe, akihama unapona. Ndo maana fundi anakuja saa nne asubuhi anasema mbona iko fresh. Pima kwa saa 24, rekodi ubora kila nusu saa, usikubali kipimo kimoja.

Ila kama inakufa mchana kwa dakika chache, karibu saa ileile kila siku, kwa siku kadhaa tu, na ni karibu na Machi au karibu na Septemba na Oktoba, hiyo sio 5G. Ni jua limepita nyuma ya setilaiti na dishi linalitazama moja kwa moja. Subiri, litapita.

Na mvua? Bandi C mvua haiisumbui sana, ndo sababu nchi za mvua nyingi zimeing'ang'ania. Ikikatika kwenye mvua ukiwa bandi C, fikiria maji kwenye konekta kabla ya kitu kingine.

Dishi dogo la Ku (bandi ya juu kuliko C) nalo linasumbua, na mnara hauko karibu na GHz 11

Kweli 5G ya 3500 haiwezi kuingia mdomoni kwa LNB ya Ku ikaleta shida hii. Lakini kebo yako kutoka LNB kwenda kwa risiva inabeba 950 hadi 2150, na humo humo hewani kuna simu: minara ya bandi ya 1800 inarusha 1805 hadi 1880, simu za nyumbani zisizo na waya aina ya DECT ziko 1880 hadi 1900 Ulaya na sehemu nyingi, na kuna bandi ya kuongezea kasi ya 4G na 5G kwenye 1432 hadi 1517. Konekta ikiwa imelegea, au ni ile ya kuzungusha kwa mkono na nyuzi za kinga hazijashika, hayo mawimbi yanaingia kwenye kebo na yanaangukia juu ya transponda. LNB ya Ku ya kawaida inatumia 9750 kwa bandi ya chini na 10600 kwa ya juu, kwa hiyo 1805 hadi 1880 inakuharibia kati ya 11,555 na 11,630, au kati ya 12,405 na 12,480. Kama chaneli zinazokufa zimejikusanya humo na zingine ni nzima, umeshampata.

Jaribio ni rahisi kuliko yote: chomoa kebo kwenye LNB, iache kama ilivyo, funga ncha yake kwa kizibo cha ohm 75, afu angalia upande wa pili kwa mita. Hakuna LNB, kwa hiyo hakutakiwi kuwe na kitu. Ukiona kilima, kebo inavuja. Badilisha konekta kwa zile za kubana kwa koleo maalum, tumia kebo yenye kinga mbili au tatu, ondoa visplita visivyofungwa bati, na hiyo simu isiyo na waya isikae juu ya king'amuzi.

Intaneti ndo inayokatika, sio TV

Kwa wale wa upande wa pili. Kama una intaneti ya 5G ya nyumbani na kuna kituo kikubwa cha setilaiti karibu, inawezekana mnara wenu umepunguziwa nguvu au umekatazwa baadhi ya masafa upande huo kwa makusudi, na hakuna modemu itakayobadilisha hilo. Hong Kong ilipohamisha 3400 hadi 3600 kutoka setilaiti kwenda simu kuanzia Aprili 2020, iliweka maeneo ya masharti Tai Po na Stanley kwa sababu huko kuna vituo vinavyoongoza setilaiti zenyewe zikiwa angani. Wakazi wa huko hawana modemu mbovu.

Marekani kwenye 3550 hadi 3700 kuna mfumo wa kugawana kwa kompyuta, kifaa cha mtoa huduma lazima kiombe ruhusa kwanza na kinaweza kunyang'anywa, wa kwanza kulindwa ni rada za jeshi la majini na vituo vya setilaiti vilivyosajiliwa. Antena ikizima ghafla bila hitilafu ya umeme wala programu, angalia logi ya ruhusa kabla ya kupanda mnarani.

Wi-Fi mpya ya 6 GHz inaanzia 5925, na hapo ndipo bandi C inapopandisha mawimbi kwenda setilaiti. Ukikaa jirani na dishi linalorusha, badilisha chaneli ya ruta kwanza. Na kwa intaneti ya setilaiti za chini, zile za dishi bapa, kukatika kwa sekunde chache mara kwa mara karibu kila mara ni mti au ukuta, sio kugombania masafa, fungua ramani ya vizuizi kwenye app uiangalie kwanza.

Ukishathibitisha kuwa ni mnara

Usiende kugombana na walinzi wa mnara. Andaa ushahidi: picha ya analaiza yenye kilima na masafa yake, picha nyingine ukiwa umefunika fidhoni, ile rekodi ya saa 24, mahali dishi lilipo kwa GPS, mwelekeo wa dishi na pembe yake, aina ya LNB, na masafa ya transponda unayopokea. Peleka kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako na nakala kwa kampuni ya simu, kwa sababu kampuni ikiona masafa na saa imeandikwa inaweza kuzima seli moja kwa dakika mbili mkiwa mnatazama wote, na hapo ubishi unaisha.

Watakuuliza swali moja kabla ya yote: dishi lako limesajiliwa? Dishi la kupokea tu halirushi kitu kwa hiyo nchi nyingi hazilazimishi usajili, lakini kisichosajiliwa kwa kawaida hakina ulinzi, kwenye karatasi zao hakipo. Marekani mwaka 2018 waliwapa wenye madishi muda wa kuyasajili, mnada wa masafa ukaisha 2021 kwa zaidi ya dola bilioni 80, na waliojisajili wakafungiwa filta na kuhamishiwa chaneli kwa gharama za walionunua masafa. Ambao hawakujisajili wakajinunulia wenyewe. Kwa hiyo kama unaendesha kituo cha redio, chuo, kanisa, msikiti, hoteli au mtandao wa kebo wa mtaa unaotegemea bandi C, na nchi yako ina fomu ya kusajili dishi la kupokea, ijaze kabla mnara haujasimama, na ukipewa namba ya usajili iandike kwenye kila barua unayotuma.